Daftari la Bi Mizani

Nina mwandiko mzuri. Ndiyo dhambi yangu ya kwanza.
Mwalimu wa Usagara, kabla shule haijageuzwa ghala la madumu,
aliliinua daftari langu ili darasa zima lilione,
na ba'mdogo Semhando, aliyekuja kukusanya ushuru wa mlango,
akaliona pia.

Tangu siku ile mimi ni karani wa ukoo.
Wenzangu wa miaka kumi na sita wanafunzwa kulenga shabaha.
Mimi nachovya kalamu.

Mto Zigi una kufuli. Ufunguo wake unalala
chini ya mto wa Bibi.
Visima vya Ngamiani vilishaingia chumvi,
kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja,
na serikali, wasemavyo wakubwa, ilipanda treni
ikaahidi kurudi Jumatatu.
Haikusema Jumatatu ipi.

Basi tupo sisi. Tunauza.
Dumu moja: siku tatu za kukata mkonge Ngomeni.
Madumu mawili: wiki nzima, maana hata kiu ina riba.
Aliyeishiwa siku zake humwandikisha mtoto,
na mwandikaji ni mimi.

"Damu nzito kuliko maji," husema ba'mdogo
kila anapomfunga kamba mtu wa kwao.
Lakini Bibi ana mizani ya shaba, ya kupimia iliki enzi hizo,
nami nimeviona vyote viwili juu yake.
Msiniulize lini.
Mji huu, maji ndiyo mazito.

Jumanne foleni ilifika mpaka mnara wa saa.
Mama Rehani akasogea mezani na dumu lenye kiraka.
Ananijua. Aliwahi kuniletea mkate wa kumimina
siku kwetu kulipokuwa na matanga,
wala hakuuliza marehemu kafaje.
"Andika," akasema, akitazama baiskeli ukutani.
Nikaandika: Rehani.
Kisha, safu ya pili, kama daftari linavyotaka: rehani.
Neno moja mara mbili.
Herufi kubwa tu ndiyo inayomtenga mvulana na deni.

(Alimwita hivyo kwa ajili ya mrehani, aliniambia zamani.
Kwa ajili ya harufu ya shada.)

Usiku ule niliiba. Mjukuu wa wezi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza:
kikombe kimoja cha maji, kutoka mtungi wa Bibi.
Sikunywa, ingawa ulimi ulikuwa kigae.
Nikayamimina kwenye chupa ya wino.

Wino ukawa samawati ya mshipa,
baadaye moshi,
baadaye karibu na hakuna.
Mwezi mzima niliuandika mji kwa wino ule,
wa Makorora, wa Duga, wa Chuda,
mzee mmoja wa Sahare aliyeniomba niliandike jina lake vizuri
kwa kuwa hajawahi kuliona limeandikwa.
Majina yakakauka, yakafifia
kama jasho kwenye shati.

Nilidhani nimeshinda. Bibi hajui kusoma.
Sikujua kwamba husoma kwa kidole.

Leo alfajiri kaniita.
Kalamba kidole cha shahada, kakipitisha ukurasani
akifuata mitaro iliyolimwa na kalamu yangu
(mwandiko mzuri, aliwahi kusema mwalimu, unakandamiza)
mpaka kikasimama. Pale. Pale pale.
Kilipoinuka kilikuwa na doa, jembamba, la samawati.
Akalitazama kama mtu anayekumbuka bei ya kitu.
Kisha akanivuta kichwa
akanipaka doa lile kwenye paji la uso, taratibu,
bila kunitazama machoni,
akafunga daftari.

"Mwamvita," akasema, "nenda kawafungulie.
Foleni imekuwa ndefu."

Ufunguo alioniwekea kiganjani
bado una joto la kichwa chake.
Hakusema ni wa mlango
au wa mto.